Mafuta Yaliyokataa Kuwa Sabuni

Nilianza kutengeneza sabuni baada ya duka la pembejeo nililokuwa karani wake mjini Kitale kufungwa. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilikuwa na jiko la kuni nyuma ya nyumba, mizani ndogo niliyoachiwa siku tulipofunga duka, na mafunzo ya siku tatu niliyopata pamoja na akina mama wa kanisa letu. Sabuni haihitaji vitu vingi. Unataka maji, mafuta, na kostiki, ile dawa nyeupe ya viwandani inayochoma ngozi ikikugusa lakini ikishakutana na mafuta inageuka kuwa kitu cha kuoshea mtoto. Maji nilikuwa nayo. Kostiki niliipata kwa urahisi. Mafuta ndiyo yaliyonitoa jasho.

Mwaka ule mafuta ya kupikia yalipanda bei mpaka watu wakaanza kuyanunua kwa kikombe. Kutengenezea sabuni mafuta ya dukani ilikuwa sawa na kuchoma pesa. Nikaanza kuzunguka. Machinjioni Kitale niliambiwa mafuta yote ya ng'ombe yana mwenyewe, anakuja na pikapu alfajiri na kuyabeba mpaka kipande cha mwisho. Nilibahatika mara moja tu kupata ndoo mbili, nazo kwa kumsihi mzee mmoja wa pale. Nilifika Moi's Bridge kwa mtu anayekamua alizeti. Mafuta yake yalikuwa masafi, lakini sabuni ya alizeti pekee ilitoka laini, ukiiacha kwenye maji kidogo inakuwa uji. Nikajaribu mawese mekundu yanayouzwa soko la Bungoma. Sabuni ikawa ngumu, nzuri kabisa, ila rangi yake ilikuwa ya machungwa, na mteja wangu mkubwa hakuitaka.

Mteja huyo alikuwa metroni wa shule moja ya bweni ya wasichana huko Kimilili. Wasichana wake wanavaa blauzi nyeupe, na aliniambia bila kuzunguka, "Mama, hiyo ya rangi hapana. Niletee nyeupe, miche mia mbili, kabla wasichana hawajarudi. Ukichelewa nitanunua kwa muhindi." Miche mia mbili ilikuwa karo ya mabinti zangu wawili. Nilisema nitaleta.

Ndipo dada yangu akapiga simu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa. Alikuwa na kibanda cha kukaanga viazi, samaki na sambusa karibu na stage ya magari Bungoma, hatua chache kutoka geti la shule ya msingi. Ndiye aliyenisomesha sekondari kwa sambusa hizo, baba alipofariki. Mama yetu alikuwa anaishi naye, katika nyumba iliyo nyuma ya kibanda.

"Wewe bado unatafuta mafuta?" aliniuliza.

"Natafuta, dada. Nimechoka."

"Kuna jamaa ananiletea. Masafi, na bei ni nusu ya dukani. Huu ni mwezi wa pili nakaangia hayo tu. Na hayaishi, bana! Naweza kukaa nayo wiki mbili na hayajakuwa meusi."

"Anayatoa wapi?"

"Ati ni ya kampuni, yalibaki. Sasa wewe unataka mafuta ama unataka hadithi?"

Nilicheka. Nilitaka mafuta.

Mtungi wa kwanza wa lita ishirini ulifika Kitale siku iliyofuata. Nilipofungua niliona mafuta mepesi, ya manjano iliyofifia, karibu na maji. Hayakuwa na harufu ya kitu chochote, na hilo lilinifurahisha, kwa sababu mafuta ya ng'ombe yananuka na lazima uyachemshe na chumvi mara mbili. Niliyachanganya na yale ya ndoo zangu mbili, nusu kwa nusu, nikapima kostiki kama nilivyofundishwa, nikakoroga.

Sabuni yangu kwa kawaida hugandia kwenye boksi kwa siku moja. Hii ilichukua siku tatu. Nilipoikata, kisu kilipita vizuri, lakini asubuhi nilikuta kila mche umetoka jasho la mafuta juu. Nikachukua kitambaa safi nikapangusa. Kesho yake ikatoka tena, kidogo. Nikapangusa tena.

Jambo hilo ndilo ninalolirudia mara nyingi kichwani. Kama ningekuwa sijaona, ningejitetea. Niliona. Mtu anayefanya kazi kwa mikono yake anajua kitu kikienda kombo, hata kama hana jina la hicho kitu. Lakini shule ilikuwa inafunguliwa, na sabuni ilikuwa nyeupe kama metroni alivyotaka. Niliipanga kwenye rafu ikauke wiki nne, na baada ya hapo nikapeleka boksi la kwanza Kimilili, miche sitini, nikiahidi kuleta iliyobaki rafuni kabla ya Jumatatu ya kufungua. Michache niliuzia majirani.

Ijumaa asubuhi, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, jirani yangu alibisha mlango. Ni mwalimu mstaafu, alifundisha kemia miaka mingi, mama mfupi wa maneno machache. Hakunisalimia. Alinyoosha mikono mbele yangu kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Ngozi kati ya vidole ilikuwa imebambuka. Viganja vilikuwa vyekundu, vinang'aa, na kwenye kidole gumba kulikuwa na ufa uliotoa damu.

"Nimefua na sabuni yako siku mbili," alisema. "Umepima kostiki na nini?"

"Na mizani, mwalimu. Mizani yangu haijawahi kunidanganya."

"Ilete."

Tulipima kilo ya sukari iliyofungwa dukani. Mizani ilisema kilo. Akaniuliza nilitumia mafuta gani. Nilimweleza nilivyochanganya nusu kwa nusu, nikamwonyesha mtungi wa pili, ambao dada alikuwa ameutuma juzi yake na nilikuwa sijaufungua. Nilipoufungua, mwalimu aliinama akanusa, akachovya kijiti, akakisugua kwenye karatasi.

"Tengeneza sabuni," alisema. "Ya hayo matupu, bila kuchanganya. Kidogo tu. Mimi nitakaa hapa."

Nilipima. Nilivaa glavu, nikayeyusha kostiki kwenye maji, nikangoja ipoe, nikamimina kwenye mafuta yaliyopashwa moto. Nikakoroga. Mafuta mazuri yakikutana na kostiki yanaanza kubadilika machoni pako. Yanakuwa mazito, yanafifia rangi, mwisho unaona mwiko unaacha alama nyuma yake. Nilikoroga nusu saa. Nilikoroga saa nzima. Nikiacha tu, maji yanashuka chini na mafuta yanapanda juu, kila moja mahali pake, kana kwamba hayajawahi kuonana. Jasho lilikuwa linanitoka na halikuwa la moto.

"Acha," mwalimu alisema. "Hata ukikoroga mpaka Krismasi. Mafuta yoyote ya mmea au ya mnyama yanakubali kuwa sabuni. Haya si ya mmea na si ya mnyama. Haya ni ya mashine."

"Mashine gani?"

"Mafuta mepesi hivi, hayana harufu, hayaungui haraka, ni ya bei ya chini na mwenyewe hasemi ametoa wapi." Alitazama mikono yake. "Transfoma za stima zina mafuta ndani. Watu wanazifungua usiku wanayaiba. Sina maabara hapa, siwezi kuapa. Lakini boksi lako la kwanza lilikuwa nusu ya haya. Kostiki uliyoweka ilikuwa ya mafuta yote. Nusu yake haikupata cha kula. Imebaki ndani ya sabuni na njaa yake, ikakuta mikono yangu."

Nilimwomba msamaha. Aliupokea kwa kuinamisha kichwa tu. Kisha akauliza swali ambalo mimi, kwa hofu ya sabuni, nilikuwa sijafika.

"Huyo dada yako anayafanyia nini?"

Nilikuwa tayari natafuta simu.

"Dada," nilisema alipopokea, "usikaange leo. Tafadhali. Zima jiko."

Nilisikia mafuta yakichemka nyuma yake na watu wakiagiza. "Umeamka vibaya ama?"

"Hayo mafuta si ya kula. Sabuni imekataa. Mwalimu hapa anasema ni ya transfoma."

"Sabuni imekataa," alirudia polepole. "Nina watu kumi hapa mbele, wewe unaniambia sabuni imekataa." Akakata. Nilipopiga tena hakupokea. Nikampigia metroni wa Kimilili. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga mpaka jioni, bado imezimwa, na kila nikifunga macho nilikuwa naona wasichana mia kadhaa kwenye mabomba ya maji, kila mmoja na kipande cha sabuni yangu, wakiosha uso.

Jumamosi nilitoka asubuhi na mapema. Katika mfuko niliweka chupa mbili za kioo zenye midomo mipana, kostiki iliyopimwa katika vifuko viwili, jozi mbili za glavu, na mafuta kidogo kutoka kwenye mtungi. Nilijua dada yangu hatasikiliza maneno.

Kimilili nilifika geti la shule kabla ya saa tatu. Mlinzi alisema metroni ameenda kwao kwa mazishi, ndiyo maana simu imezimwa, atarudi Jumatatu na wasichana. Stoo? Imefungwa. Ufunguo anao yeye. Nilisimama pale getini. Niliwaza, hapa naweza kugeuka niende zangu, niseme nilijaribu. Badala yake nilimwuliza mlinzi kama kuna mwingine yeyote mwenye mamlaka. Aliniita mpishi mkuu, baba mnene mwenye aproni, naye baada ya kunisikiliza akapiga nambari nyingine ya metroni, ya mume wake.

Nilikuwa nimetayarisha uongo. Ningesema nimegundua miche haijakauka, nairudisha ikauke vizuri. Ilikuwa karibu na ukweli kiasi cha kupita. Metroni aliposema "Haloo, kuna nini?" kwa sauti ya mtu aliyelia tangu jana, niliuacha uongo ule.

"Sabuni yangu inachoma," nilisema. "Imemchoma jirani yangu mikono. Nilinunua mafuta mabaya bila kuuliza. Naomba usimpe msichana yeyote hata mche mmoja."

Nikasikia watu wakiimba huko aliko.

"Boksi limefungwa?" akauliza.

"Nililifunga kwa gundi mwenyewe."

"Basi halijafunguliwa. Mpe simu mpishi."

Mpishi alisikiliza, akaitikia mara tatu, akaenda akarudi na ufunguo wa akiba kutoka kwa mwalimu mkuu. Tulilipata boksi juu ya magunia ya mchele. Nilihesabu miche pale sakafuni: sitini. Nilikaa chini kwa dakika moja bila kuona aibu. Boksi nililiacha kwa mlinzi nilichukue nikirudi, na mimi nikaendelea na safari.

Bungoma nilimkuta dada kibandani, jiko linawaka, karai limejaa viazi. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki nyuma, na shali mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amepungua. Dada alikuwa ameniambia kwa wiki kadhaa kwamba tumbo linamsumbua, kwamba zahanati wamempa dawa, kwamba ni uzee. Karibu na mguu wa kiti kulikuwa na sahani yenye mifupa ya samaki wa kukaanga.

"Umefika," dada alisema bila kugeuka. "Karibu. Usianze."

"Nipe nusu saa tu nyuma ya nyumba."

"Leo ni Jumamosi."

"Nusu saa, dada. Kisha ukitaka nifukuze."

Mama ndiye aliyesema, "Mpe hiyo nusu saa. Ametoka mbali." Dada alitoa karai motoni kwa nguvu mpaka mafuta yakaruka, akawaambia wateja wangoje.

Nyuma ya nyumba nilipanga chupa zangu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimenunua mawese sokoni nikipita. Katika chupa moja niliweka mawese, katika nyingine mafuta ya yule jamaa, zote nikazisimamisha kwenye beseni la maji ya moto. Niliyeyusha kostiki, nikamsogeza mama kando, nikampa dada glavu.

"Mimi nakoroga mawese," nilisema. "Wewe koroga haya yako."

Dada anajua kukoroga. Anakoroga ugali wa watu arobaini wakati wa matanga bila kubadilisha mkono. Alianza kwa dharau, akiniangalia badala ya kuangalia chupa. Dakika kumi zikapita. Mawese yangu yalikuwa yameanza kupauka, mekundu yakawa ya machungwa, kijiti kikawa kizito. Yake yalizunguka tu. Akaacha akapumzika, na maji yakashuka chini, mafuta yakapanda. Akakoroga tena, sasa kwa haraka. Akaacha. Yakaachana tena. Hakuwa ananiangalia mimi tena.

"Labda umenipa kostiki mbaya," alisema.

"Tubadilishane."

Tulibadilishana viti. Alikamata kijiti cha mawese akakuta kimesimama wima chenyewe. Alikivuta, akaona mstari umebaki juu kama mtu aliyechora kwa kidole kwenye uji mzito. Mimi nilikoroga yake, nikaacha, tukatazama wote wawili yakiachana.

"Nimekuwa nikimpa mama haya," alisema kwa sauti ya chini sana.

Ndipo pikipiki ikasimama mbele. Nilisikia mtu anaita, "Customer! Nimeleta mbili leo." Dada alinyanyuka bado amevaa glavu. Nilimfuata.

Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, shati limechomekwa, mwenye tabasamu la mtu anayependwa sokoni. Mitungi miwili ilikuwa imefungwa nyuma ya pikipiki. Dada alisimama mbele yake na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona hajui aanze wapi.

"Haya mafuta ni ya nini?" aliuliza.

"Ya kupika, si unapika?"

"Yanatoka wapi?"

Alimwangalia dada, akaniangalia mimi, akaona glavu zetu. Tabasamu lilibaki lakini macho yaliacha kucheka. "Huyu ni nani?"

"Ni mdogo wangu. Jibu."

Alishuka kwenye pikipiki, akasogea karibu, akashusha sauti ili wateja wasisikie. "Sikia, mathe. Mimi sijawahi kukushika mkono nikakwambia kaanga. Miezi hii yote unalipa, unachukua, unauza kwa watoto wa hiyo shule. Mkienda kuongea huko kwa serikali, watauliza nani alikuwa anakaanga. Mimi hapa hata jina langu hamjui."

Ilikuwa kweli. Hatukujua jina lake. Watu wawili watatu walikuwa wameanza kutazama. Nilitaka kupiga kelele, nikaona mkono wa dada umeng'ang'ania ukingo wa meza, nikajua nikipiga kelele nitamwangusha yeye kabla ya huyu.

"Ondoka," dada alimwambia.

"Na yale uliyo nayo ndani?"

"Nimesema ondoka."

Aliondoka bila haraka. Alipofika barabarani aligeuka akatuangalia mara moja, akaenda.

Dada alirudi kwa wateja akawaambia jiko limeharibika. Alimwaga viazi vilivyokuwa kwenye karai ndani ya gunia, akafunga gunia kwa kamba mara tatu, asije mtu akaviokota. Hakulia. Alimwingiza mama ndani, akamchemshia uji.

Jioni tuligombana. Si kwa sauti, kwa sababu mama alikuwa upande wa pili wa pazia.

"Jumatatu twende kwa afisa wa afya," nilisema.

"Mimi siendi."

"Ataenda kuuzia mwingine. Kesho tu atauzia mwingine."

"Wewe utarudi Kitale. Mimi nabaki hapa. Watu watasema nini? Yule aliyekuwa anawalisha watoto wetu sumu, si ndiyo? Miaka yangu yote hapa itakuwa hiyo."

"Hukujua."

"Nilijua ni rahisi mno," alisema. "Wewe pia ulijua."

Jumapili tulikaa kanisani benchi moja bila kusemezana. Jumatatu asubuhi nilichukua chupa iliyojaa mafuta kutoka kwenye mtungi wake. Alikuwa mlangoni anafunga kitenge.

"Ukitoka na hiyo chupa," alisema, "usirudi hapa."

Nilisimama na chupa mkononi. Yeye ndiye aliyenisomesha. Nilifikiria geti la ile shule ya msingi na foleni ya saa saba mchana, watoto wenye shilingi ishirini ishirini mkononi. Nikamwambia, "Samahani, dada," nikapita kando yake nikatoka.

Afisa wa afya alikuwa mama wa makamo aliyesikiliza bila kunikatiza. Aliuliza mafuta yalikuwa yanatumika wapi. Hilo ndilo swali nililoogopa njia nzima. Nilimwambia. Niliongeza kwamba mwenye kibanda ni dada yangu, kwamba ameacha mwenyewe, na kwamba bila yeye nisingejua sura ya mwuzaji. Aliandika yote. Mchana ule ule walifika kibandani, wakachukua mitungi, wakakifunga. Dada aliandikishwa maelezo. Hakushtakiwa, lakini kufuli ya kaunti ilikaa mlangoni pake wiki saba, na kila aliyepita stage aliiona.

Baadaye afisa yule alinipigia simu kusema majibu yametoka: hayakuwa mafuta ya chakula. Yule jamaa hakuonekana tena Bungoma. Miezi michache mbele nilisikia kwamba kuna watu wamekamatwa Misikhu na mitungi, na transfoma moja huko imekutwa imetobolewa. Kama alikuwa miongoni mwao, sijui. Mama alipata nafuu, polepole, ndani ya mwezi na nusu. Daktari hakuweza kusema ni dawa au ni kuacha samaki wale. Nami nimeacha kuuliza.

Sabuni ya boksi lile, pamoja na iliyobaki rafuni na ile niliyoikusanya kwa majirani, nilitaka kuizika, lakini mwalimu alinikataza nisichafue udongo, akanielekeza kuiyeyusha kwenye maji mengi na mafuta ya ziada mpaka ukali wake uishe. Yale ya mashine yalielea juu na tuliyakusanya kwenye mtungi, afisa wa afya wa kwetu akaja kuuchukua. Mwalimu alisimamia kazi yote, mikono imefungwa bandeji. Kwa metroni sikutegemea kitu tena. Lakini katikati ya muhula alinipigia. Shule inachinja ng'ombe mara mbili kwa mwezi, alisema, na mpishi wao anatupa mafuta kwa mbwa. "Uliniambia ukweli nikiwa kwa msiba," alisema. "Njoo uyachukue kabla mpishi hajabadilisha nia." Tangu hapo sijanunua mafuta kutoka kwa mtu nisiyeweza kumtembelea kwake. Yale ya shule hayatoshi, nayajazia alizeti ya Moi's Bridge, na sabuni inaganda kwa siku moja kama inavyopaswa.

Dada hakunipigia miezi minne. Nikipiga, simu inapokelewa na mama. Nilisikia kwake kwamba kibanda kimefunguliwa, kwamba sasa hakuna kukaanga kitu, ni chai, nduma, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha.

Nilienda siku mama alipokuwa na kliniki. Sikujua nitapokelewaje. Dada aliniona tangu barabarani na hakuondoa macho. Nilipofika aliweka mbele yangu kikombe cha chai na kiazi kitamu, akakaa upande wa pili wa meza.

"Kuna mama mmoja," alisema mwishowe, "alikuwa ananunulia watoto wake chips hapa kila siku. Watatu. Nilipofungua alikuja akaniuliza kwa nini nimeacha. Wengine nimewaambia mafuta ni ghali. Huyo nikamwambia."

"Ukamwambia nini?"

"Yote. Niliyokuwa nakaangia, na miezi mingapi."

"Akasema nini?"

"Aliwashika watoto akaenda. Wiki mbili hakupita hapa, anazunguka na ile njia ya posta. Nilikuwa namwona." Aliichezea sukari kwa kijiko. "Juzi akaja. Akasimama pale nje. Akaniuliza kama maji ninayochemshia ni ya mfereji ama ya mto. Nikamwonyesha mfereji. Akaja mpaka ndani akaangalia sufuria, akafunua kila kifuniko. Nilimwacha aangalie. Halafu akaagiza viazi viwili, vya kubeba."

Mteja mwingine aliingia. Dada aliinuka kumhudumia, na mimi nikaenda ndani kumvalisha mama viatu.